Uliza Mwalimu: Tangi linalojaa adhuhuri bila ya pampu

Barua za mwezi huu zimenifurahisha, kwa sababu karibu zote zinazungumzia kitu kimoja: kile kibao cha buluu chenye macho mawili ya duara, sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa sauti. Nimefundisha fizikia miaka 27 katika skuli za huku Pemba, na mwangwi tulikuwa tukiupima kwa kugonganisha vibao viwili mbele ya ukuta mrefu, mtoto mmoja kashika saa. Leo mtoto wa kidato cha pili anaubeba mwangwi kwenye mkoba wa madaftari. Nimechagua barua tano. Ambao barua zao sikuzitia watanisamehe, wengi wao majibu watayakuta humu humu.

Maji yanapanda mchana, yanashuka usiku

*Assalaamu alaykum Mwalimu. Mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni Jambiani. Kijana mmoja alitufungia sensa kwenye mfuniko wa tangi la lita 2,000 ili tuone maji kwenye simu. Alfajiri inaniambia kuna lita 650. Saa nane mchana, pampu haijawashwa na hakuna aliyetia hata kata moja, inasema lita 690. Usiku zinashuka tena. Anayelala pale ni mdogo wangu, na sitaki kuficha, nimeanza kumshuku kwamba usiku anauza maji. Nifanyeje?*

Waalaykum salaam. Naanza na mdogo wako kabla ya sensa. Usimwambie neno mpaka umalize kusoma, na kama umeshamwambia, muombe radhi leo leo. Anayecheza na maji yako ni joto.

Sensa hii haipimi urefu, inapima muda. Nitalirudia neno hili kila barua, kwa sababu makosa yote niliyoandikiwa yanatokana na kulisahau. Jicho moja la sensa ni kinywa na la pili ni sikio. Kinywa kinatoa mlio wa mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambao sisi hatuusikii kwani sikio la binadamu linakoma kwenye kama 20,000. Mlio wenyewe ni mfupi sana, mitetemo minane tu, kisha kimya, sensa inasikiliza. Mlio ukigonga maji unarudi, na sensa inatoa nje kitu kimoja tu: ni mikrosekunde ngapi zimepita, yaani sehemu ngapi za milioni za sekunde. Kazi ya sensa imeishia hapo. Sentimita na lita unazoziona kwenye simu zimepigwa hesabu na programu.

Programu nyingi zinachukua muda huo na kuugawa kwa 58. Hiyo 58 imetoka kwenye hewa ya nyuzi joto 20, ambako sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, na sentimita moja, kwenda na kurudi, inakula mikrosekunde 58 na chembe. Sasa niambie, nyuzi 20 Jambiani utazipata lini? Hata Julai, kusi inapovuma usiku kucha, hatufiki huko. Sauti inakimbia zaidi hewa ikiwa moto. Penye nyuzi 0 inakwenda mita 331.3 kwa sekunde, na kila uzi mmoja wa joto unaongeza takriban mita 0.606.

Mimi nina tangi jeusi juu ya dari hapa Wete. Nilining'iniza kipimajoto katika ile nafasi tupu baina ya mfuniko na maji. Alfajiri kilisoma 24, saa nane mchana 42. Tuchukue tangi lako lina upana wa sentimita 120, na maji yako chini ya sensa kwa sentimita 120. Alfajiri sauti inakwenda mita 345.8 kwa sekunde, kwa hivyo mlio unarudi baada ya mikrosekunde 6,940. Gawa kwa 58, unapata 119.7. Mchana sauti inakwenda mita 356.8, mlio unarudi baada ya 6,727. Gawa kwa 58, unapata 116.0. Maji hayakusogea hata unywele, lakini programu inaamini yamepanda sentimita 3.7. Katika tangi la upana huo kila sentimita ni lita 11.3, basi hapo pana lita 42, madumu mawili ya lita 20 na zaidi kidogo. Wewe umeniandikia 40.

Usinisadiki kwa maneno, jaribu. Siku moja funga mifereji yote na koki ya tangi. Chukua ufito mkavu, uzamishe mpaka chini alfajiri, tia alama ya kisu pale ulipolowa. Saa nane rudia kwa ufito ule ule. Ufito haujali joto. Alama zikilingana, umemaliza kumshuku mtu. Zikitofautiana, basi pana koki inavuja, na hilo nalo ni bora ulijue.

Dawa ni kumwambia kijana wako aongeze kipimajoto kidogo cha DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya kidole cha chuma chenye waya. Akining'inize ndani ya tangi, kwenye hewa, kisiguse maji wala mfuniko. Kisha programu iache kutumia 58, ipige hesabu ya kasi kila mara: 331.3 ongeza 0.606 mara joto. Mvuke ndani ya tangi nao unaongeza kasi kidogo, kama moja katika mia hivi hewa ikiwa moto, uache. Kama kipimajoto hakipatikani, soma tangi alfajiri tu, kila siku saa ile ile, na usitazame simu mchana.

Jambo la mwisho kwako, na usilipuuze. HC-SR04 haikutengenezwa kukaa kwenye mvuke. Wavu wa macho yake uko wazi, na ndani ya tangi la karibu na bahari sikupi muda mrefu kabla kutu haijaingia. Tafuta JSN-SR04T, yenye jicho moja lililozibwa na waya mrefu. Ila jua kwamba jicho hilo moja ndilo kinywa na ndilo sikio, na kinywa kikiwa bado kinatetema sikio halisikii. Kwa sababu hiyo haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25. Tangi likikaribia kujaa itakuambia uongo. Kwa sehemu hiyo ya juu tegemea boya, boya halijawahi kunitupa.

Sifuri, sifuri, sifuri

*Mwalimu shikamoo. Nipo Chake Chake, najifunza mwenyewe. Nimenunua sensa tatu za HC-SR04, zote zinatoa 0 kwenye bodi yangu ya ESP32, ile kompyuta ndogo inayoendesha sensa. Je, nimeuziwa mbovu?*

Marahaba mwanangu. Sensa tatu haziwezi kufa siku moja kwa ugonjwa mmoja. Kosa liko sehemu zinapokutana zote tatu, yaani kwenye waya zako au programu yako.

Kwanza volti. Sensa hii inataka 5, na wewe nadhani umeipa 3.3 kwa sababu ndiyo pini iliyokuwa karibu. Pili, GND, yaani pini ya ardhi, ya sensa na GND ya bodi lazima ziungane, hata kama sensa ina betri yake. Wengi wanaisahau hii, na bila yake bodi na sensa ni watu wawili wanaozungumza kila mmoja chumbani kwake. Tatu, na hili ndilo linaloua bodi: pini ya Echo inarudisha volti 5, na miguu ya ESP32 inastahamili 3.3. Tia rezista mbili, ya kilo-omu 1 kutoka Echo kwenda mguu wa bodi, na ya kilo-omu 2 kutoka mguu huo kwenda GND. Hapo utapata 3.3 na chembe. Kama umeshaendesha wiki nzima bila ya rezista, jaribu mguu mwengine wa bodi, huo unaweza kuwa umeungua.

Waya zikiwa sawa, tazama programu. Trig, pini inayoiamuru sensa itoe mlio, inataka kushtuliwa kwa mikrosekunde 10. Baina ya mlio na mlio subiri angalau milisekunde 60, ili mwangwi wa zamani ufe kabla ya kuita tena. Na angalia umeiambia programu isubiri jibu kwa muda gani. Kijana mmoja aliniletea yake, ameandika 10,000 bila ya kujua maana. Mikrosekunde 10,000 ni sentimita 172 tu, chochote cha mbali zaidi kinarudi sifuri. Yeye alikuwa anapima chumba cha mita 3.

Wanafunzi 52, sensa moja

*Mwalimu mwenzangu, salaam kutoka Mkoani. Nafundisha sayansi. Nimepata sensa moja kwa ajili ya darasa la wanafunzi 52. Nikipima sentimita 50 inatoa 50 kamili, wanafunzi wanapiga makofi. Nikipima mita 2 inatoa 198. Naisahihishaje? Au niongeze 2 tu kwenye programu?*

Mwalimu mwenzangu, usiongeze 2. Na hizo 50 kamili ndizo zilizokudanganya. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitoe sensa yangu sandukuni na kukaa nayo barazani asubuhi nzima, na ninakushukuru kwa hilo.

Unajua mizani ya karafuu inavyokaguliwa. Mkaguzi haweki jiwe moja la kilo 5 akasema mizani ni nzima. Anaweka dogo, la kati na kubwa, kwa sababu mizani inaweza kusema kweli kwa kilo 5 na ikadanganya kwa 50. Sensa nayo ni hivyo hivyo.

Nilivyofanya mimi: niliiweka sensa juu ya kigoda, kigoda juu ya meza, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, ikitazama ukuta mtupu uliopigwa plasta. Urefu huo una sababu. Mlio hautoki kama uzi, unatanuka kama mwanga wa tochi, kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Ukifika mita 2 umeshatanuka zaidi ya nusu mita kwenda chini, na sensa iliyokaa sakafuni itakupimia sakafu. Nilichora alama za chaki penye sentimita 20, 50, 100, 150 na 200. Futi niliyotumia ni ya chuma, ya fundi seremala. Ile ya fundi cherehani usiiguse, inanyooka kila ikivutwa, na wewe unataka kitu cha kukosoa sensa, si kitu cha kukosolewa pamoja nayo. Nikaamua kwamba umbali naanza kuuhesabu kwenye uso wa wavu wa macho, na sikubadilisha mpaka mwisho. Panka nilizima.

Penye kila alama nilichukua vipimo 20. Sikuvijumlisha kutafuta wastani, kwa sababu mwangwi mmoja uliopotea ukitoa namba kubwa mno utauharibu wote. Nilivipanga kutoka kidogo hadi kikubwa nikachukua cha katikati. Na niliandika muda, mikrosekunde, sikuandika sentimita. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza: wanaandika sentimita ambazo programu imeshazichezea.

Sentimita 20 ilinipa 1,180. Sentimita 50, 2,899. Mita moja, 5,764. Mita moja na nusu, 8,629. Mita mbili, 11,494.

Sasa fanya kama programu yako, gawa kwa 58. Utapata 20.3, kisha 50.0, kisha 99.4, kisha 148.8, na mwisho 198.2. Umeona? Karibu inazidisha, mbali inapunguza, na penye 50 makosa mawili yanavutana kwa nguvu sawa yanafutana. Aliyejaribu penye 50 peke yake ataapa kwamba sensa yake ni nzima. Ukiongeza 2, mita mbili itakaa sawa na sentimita 20 itakuwa 22.

Makosa mawili hayo yatenganishe. Waambie wanafunzi wachore kwenye karatasi ya mraba, umbali chini, muda ubavuni. Nukta tano zitakaa kwenye mstari mnyoofu, na mstari huo una siri mbili. Mwinuko wake: kutoka 20 hadi 200 ni sentimita 180, na muda umeongezeka 10,314. Gawa, ni 57.3 kwa kila sentimita. Halafu mahali unapokata ubavu, kule penye umbali sifuri: 1,180 toa 20 mara 57.3, inabaki 34. Hizo mikrosekunde 34 ni kuchelewa kwa sensa yenyewe kuutambua mwangwi, pamoja na hitilafu ya pale nilipoamua kuanzia kupima. Basi kwa sensa yangu sentimita ni muda, toa 34, gawa kwa 57.3. Jaribu kwa 5,764, utapata 100. Lakini usichukue 34 yangu. Sensa yako ina yake, hata kama zimetoka katika pakiti moja.

Na sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, nakuomba usiiruke hata kengele ikilia. Chukua 57.3. Sentimita 2, kwenda na kurudi, kwa mikrosekunde 57.3, ni mita 349 kwa sekunde. Toa 331.3, inabaki 17.7. Gawa kwa 0.606. Inatoka 29 na chembe. Wakati nafundisha ningemwacha mtoto mmoja akimbie kutazama kipimajoto kilichotundikwa msumarini. Safari hii nilikwenda mwenyewe. Kilisoma 29. Ukuta, chaki na futi ya seremala vimenipa joto la baraza bila ya kuligusa. Watoto 52 wakiliona hilo kwa macho yao, hutahitaji kuwaambia sauti na joto zinahusiana vipi.

Kuhusu sensa moja: gawa darasa makundi sita. Matano ya mwanzo, kila kundi lipewe alama moja na lilinde namba zake, halafu wote wakutane ubaoni kuchora mstari mmoja. Kundi la sita, na walitie humo wale wanaokaa nyuma, wapewe umbali uliofichwa chini ya kitambaa, waukisie kwa mstari wa wenzao.

Fimbo ya babu

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu, Micheweni. Babu yangu hana macho. Nataka kumtengenezea fimbo yenye sensa inayotetema akikaribia kitu, kama popo wetu wa Kidike wanavyojua njia. Kwa ukuta inafanya kazi, lakini pazia la mlangoni haioni, na akija ukutani ubavu ubavu haitetemi. Nimekosea wapi?*

Marahaba mjukuu wangu, na Mungu akuzidishie kwa babu yako. Hujakosea, umegundua.

Niondoe kwanza la popo. Popo wa Kidike, yule mkubwa ambaye haishi popote duniani isipokuwa Pemba, hatumii mwangwi. Ni mla matunda, anaona kwa macho yake makubwa na kunusa. Wanaotumia mwangwi ni wale popo wadogo wala wadudu, wanaopita jioni chini ya mapaa yetu. Milio yao haikunaswa na chombo mpaka 1938, pale Donald Griffin alipoipima huko Marekani. Hao wadogo ndio ndugu wa sensa yako.

Sasa ukuta wa ubavu. Wimbi moja la mlio huu lina urefu wa milimita 8.7 hivi katika hewa yetu. Kitu ambacho mikwaruzo yake ni midogo kuliko hapo, kwa mlio huu ni kioo. Ukuta wa plasta ni kioo, mlango wa mninga uliopigwa vanishi ni kioo. Ukisimama mbele ya kioo unajiona. Ukisimama pembeni unaona chumba cha jirani. Mlio wa babu ukigonga ukuta kwa mshazari, hauruki kurudi kwake, unaendelea mbele, na sensa inasema njia nyeupe. Hili halirekebishwi kwa programu. Punguza kwa kutia sensa mbili, moja ikitazama mbele na moja imeelekezwa pembeni kidogo, na uziite kwa zamu, si pamoja, la sivyo sikio la moja litashika mlio wa nyengine.

Pazia ni tatizo tofauti. Kitambaa kinaunyonya mlio, na kinachorudi ni dhaifu. Kwa babu, pazia la mlangoni halina madhara, atalipita. Ninachokihofia ni mtu. Mama aliyejitanda kanga au aliyevaa buibui, amesimama kimya njiani, ataonekana kwa umbali mdogo kuliko ukuta. Usibahatishe. Tundika kanga kwenye kamba, sogea nayo hatua kwa hatua, na uandike ni penye sentimita ngapi sensa inaanza kuiona kila mara, si mara moja moja. Fanya hivyo kwa kanga, kwa nguzo nyembamba, kwa ukuta wa mawe, kwa baiskeli. Umbali mfupi kuliko yote ulioandika ndio umbali wa kweli wa fimbo yako. Mwambie babu umbali huo, usimwambie ule wa ukuta.

Na nakuomba kwa dhati: usimwondolee fimbo yake ya kawaida. Sensa inayotazama mbele haioni shimo, haioni ngazi inayoshuka, haioni mtaro ulio wazi wakati wa masika. Ncha ya fimbo ya mti inaviona vyote hivyo. Kile ambacho fimbo ya mti haikioni ni vitu vya kifuani na usoni: tawi la mkarafuu, dirisha lililofunguliwa kwa nje, gunia kwenye mkokoteni. Basi ifunge sensa juu ya fimbo, karibu na mkono, itazame mbele na juu kidogo. Kila kipimo kiwe cha katikati katika vipimo vitano. Mtetemo uwe wa aina tatu tu, taratibu, haraka, na usiokatika. Babu hana haja ya sentimita. Akifanya mazoezi, mwanzo mtembee uani mwenu nawe upo mbele yake, njiani baadaye.

Bildi na sensa

*Salaam Mwalimu. Mimi ni nahodha, Kojani. Vijana wangu wanasema hiyo sensa ukiishika juu ya maji itakupa kina cha bahari. Ni kweli?*

Salaam nahodha wangu. Si kweli. Sensa hii imetengenezwa kuzungumza na hewa. Mlio ukitoka hewani na kugonga uso wa maji, karibu wote unarudi juu. Kinachoingia majini ni kama moja katika elfu tu. Ukiishika juu ya ngalawa itakupa umbali wa kutoka mkononi mwako hadi uso wa bahari, basi. Na hata ungeizamisha, ungeiua kwanza, kisha hesabu nayo ingepotea, kwa sababu katika maji ya chumvi sauti inakwenda mita 1,500 na zaidi kwa sekunde, mara nne na ushei kuliko hewani.

Wazo lenyewe la vijana ni sahihi, na lilianzia majini kabla ya kufika mezani kwetu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Paul Langevin wa Ufaransa aliweka vipande vya jiwe la kwatsi baina ya mabamba ya chuma, akavitetemesha kwa umeme ili mlio utafute nyambizi, yaani manowari zinazokwenda chini ya maji. Vyombo vya kutafutia samaki vinavyouzwa leo ni wajukuu wa kazi hiyo. Jicho lao linagusa maji, ndiyo siri.

Baba yangu alikuwa akitia bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina. Kamba ina mafundo kila pima, na chini ya risasi pana kishimo alichokipaka shahamu. Alikuwa akiivuta anasoma mambo mawili, kina kwa mafundo, na kilichonata kwenye shahamu: mchanga, tope, au makombe ya kaa. Sijaona sensa ya bei yetu inayorudi na mchanga. Ukiwa na bildi ya wazee wako, usiitupe.

Lakini kuna kazi ambayo sensa hii inaweza kukufanyia, nami ningependa sana uifanye. Ifunge JSN-SR04T kwenye gati au kwenye nguzo imara, itazame maji moja kwa moja, pasiwe na mtumbwi wala kamba chini yake. Iwe juu ya kiwango cha maji makuu kwa zaidi ya ile nusu dhiraa ambayo haioni. Wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwa hivyo maji yakitoka kabisa utakuwa umefika mwisho wa uwezo wake, na vipimo vya hapo vitarukaruka. Maji mafu haina taabu. Mawimbi madogo yatatikisa namba, basi kila robo saa ichukue vipimo 100 kisha ishike cha katikati, na usisahau kipimajoto kivulini kando yake, kwa yale niliyomwambia yule wa Jambiani. Kabla ya kuiamini, shusha bildi yako pale pale siku moja, maji yakijaa na maji yakitoka, uone kama kupanda kwa maji kwa bildi kunalingana na kushuka kwa namba za sensa.

Ukipata bamvua moja kamili na maji mafu yake, siku 14 au 15 mfululizo, niandikie namba na saa zake kwenye karatasi. Nitazichora katika ukurasa huu.